Alama ya Kuuliza Haina Msimbo

Binti wa miaka 19 anaingia chumba cha tabibu Masumbwe, mji wa barabara kuu ambako malori ya Rwanda hupita usiku na mchana. Ana uvimbe kwenye titi la kulia. Umekaa miezi minne, hauumi, na ukiugusa unateleza chini ya kidole kama punje ya hindi ndani ya mfuko. Binti huyu nimemtunga mimi, ila uvimbe wake si wa kutungwa: kila tabibu aliyekaa kituoni mwaka mmoja ameshaupapasa. Tuseme siku hiyo hakuna altrasaundi ya titi, na maabara haina mtu wa kusoma kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe. Tabibu anamaliza kupapasa, anapeleka vidole kwapani, hakuti kitu. Anachukua kalamu.

Anaweza kuandika, "Uvimbe titi la kulia, sm 2, unasogea, kwapa safi." Anaweza pia kuandika kama wengi wanavyoandika wakiwa na foleni mlangoni: "?Ca titi." Ca ni mkato wa saratani, na alama ya kuuliza mbele yake ni ya kujilinda, maana yake "nashuku tu, sijasema". Mgonjwa ni yuleyule, na barua ya rufaa itaandikwa vilevile. Tofauti inakuja pale maandishi yanapogeuzwa kuwa msimbo.

Msimbo unatoka kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, iliyopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwaka 1990. Maneno ya kwanza yanampeleka mtunza kumbukumbu moja kwa moja kwenye N63, uvimbe wa titi usiobainishwa. Maneno ya pili yanampeleka kwingine kabisa. Juzuu ya pili ya ICD-10, ile ya kanuni ambayo wachache huifungua, inasema hivi: ikiwa mwisho wa huduma ugonjwa mkuu bado umeandikwa kuwa unashukiwa, na hakuna maelezo zaidi, usimbe kana kwamba umethibitishwa. Kwa hiyo "?Ca titi" iliyoachwa peke yake inakuwa C50. Saratani ya titi. Alama ya kuuliza haina msimbo, na haivuki kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye takwimu.

Wapo wanaoilaumu kanuni hii. Mimi siilaumu. Inafaa wodini, ambako mgonjwa amelala, amepimwa, na daktari aliyeandika "nashuku" alikuwa na sababu. Wamarekani kwa wagonjwa wa nje wameweka kanuni kinyume chake: kinachoshukiwa hakisimbwi, inasimbwa dalili. Kasoro inatokea tunapochukua kanuni inayofaa wodini na kuitumia kwenye dirisha la wagonjwa wa nje, ambako muda wa mgonjwa mmoja ni dakika chache. Tabibu wa Masumbwe hawezi kuibadilisha kanuni ya Shirika la Afya Duniani. Anachoweza kubadilisha ni sentensi yake. Akiandika alichokigusa badala ya anachokihofia, N63 inakuja yenyewe, na N63 ndiyo kweli yote iliyopo chumbani humo.

Wengine huona N63 ni msimbo wa mvivu, wakahisi daktari hodari angetaja ugonjwa. Hapo ndipo makosa ya upande wa pili yanapozaliwa. Kwa binti wa umri huu uvimbe unaosogea mara nyingi ni fibroadenoma, uvimbe usio wa saratani, na tabibu mzoefu anaweza kukisia na akapatia. Lakini fibroadenoma inasimbwa D24, katika sura ya vivimbe vya mwili, na D24 ni tamko kwamba seli zimeangaliwa, au walau picha imepigwa na mtu anayejua akaisoma. Kidole hakioni seli.

Halafu kuna mtego wa majina. Fibroadenoma na fibroadenosisi zinafanana kama mapacha wa Kisukuma, Kulwa na Doto, lakini hazilali nyumba moja. Fibroadenosisi ni N60.2, badiliko la tishu za titi zima au sehemu yake, si uvimbe mpya uliojitenga. Chini ya N60.2 ICD-10 yenyewe imeweka onyo: fibroadenoma haimo humu, nenda D24. Katika mfumo wowote wa kompyuta unaotafuta kwa herufi, andika "fibroade" na majina yote mawili yatajitokeza, moja juu ya lingine. Mshale ukiteleza mstari mmoja, mgonjwa amehama sura. Ndugu zake wengine wa N60 nao wanataka umakini: N60.0 ni kifuko kimoja cha maji, N60.1 ni titi lenye vifuko vingi, na kama ripoti ya kinyama inataja kwamba seli za utando zimeongezeka, N60.1 haifai tena, ni N60.3. Hizi zote ni za hospitali yenye altrasaundi na patholojia. Kituoni zisiguswe.

Msomaji atauliza kwa nini D24 ni moja tu kwa vivimbe vyote vya titi visivyo saratani, haina hata nukta mbele. Huenda jibu limo kwenye asili ya orodha. Mfaransa Jacques Bertillon alipoiwasilisha Chicago mwaka 1893 ilikuwa orodha ya sababu za vifo. Fibroadenoma haiui mtu. Magonjwa ya walio hai yaliingizwa rasmi katika toleo la sita, mwaka 1948. Titi lenyewe lilipewa hifadhi sura ya 14, pamoja na figo na kibofu.

Upande je? Toleo la Shirika la Afya Duniani halisemi kulia wala kushoto. Wamarekani, ambao bima zao hulipa kwa kuhesabu kila nukta, tangu Oktoba 2017 wameikata N63 vipande kwa upande na robo ya titi. Sisi tunategemea maneno. Ndiyo maana "la kulia" ya tabibu wetu si pambo: ikikosekana kwenye rejesta na kwenye barua, hakuna tarakimu itakayoiokoa.

Sasa jipu. Kwa kituo chenye wazazi wengi kama hiki, jipu la titi ni jambo la kawaida, na ndiko misimbo inakovurugika bila mtu kushtuka. Wengi wanajua N61, uvimbe wa maambukizi wa titi, jipu likiwemo. Lakini mama anayenyonyesha hayumo N61. Yumo O91, sura ya ujauzito na uzazi: O91.0 kwa maambukizi ya chuchu, O91.1 kwa jipu lenye usaha, O91.2 kwa titi lililowaka bila usaha. Na usidanganywe na zile siku 42 baada ya kujifungua. Maelezo ya O91 yanataja kipindi cha kunyonyesha pia. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na jipu titini, kama bado ananyonyesha, ni O91.1. Kwa hiyo swali moja, "Mama, bado unanyonyesha?", ndilo linaloamua sura. Lisipoandikwa jibu lake, mtunza kumbukumbu ataweka N61, na tatizo la uzazi litakuwa limetoka kwenye hesabu za uzazi. Upasuaji ni uleule, dawa zinakaribiana. Ila anayepanga elimu ya wanaonyonyesha wilayani hataliona jipu hilo kamwe.

Wanaume nao wana matiti, hata kama mchimbaji wa dhahabu atakuja kwa aibu mwisho wa foleni. Titi la mwanaume lililokua ni N62. Akiwa anatumia au aliwahi kutumia efavirenz, dawa ya kufubaza VVU inayojulikana kuleta tatizo hili, na tabibu akaandika kuwa ndiyo chanzo, msimbo wa madhara ya dawa za virusi, Y41.5, unafuata nyuma. Nao husahaulika.

Kazi hii yote inasomwa na nani? Kama mgonjwa ana kadi ya bima ya afya ya NHIF, kuna mtu wa madai anayelinganisha msimbo na kipimo na dawa, na C50 iliyokaa juu ya dawa ya maumivu tu itarudi na maswali. Wengi hawana kadi. Wao wanabaki kwenye Kitabu Na. 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, na mwisho wa mwezi rejesta inajumlishwa kwa orodha fupi ya magonjwa kabla ya kupanda kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Orodha hiyo imejengwa kwa malaria, kuhara, nimonia. Uvimbe wa titi usio saratani hauna mstari wake, unadondokea kwenye kapu la mengineyo. N63, D24, N60.2, zote zinachanganywa humo. Na anayetaka kurudi nyuma kulinganisha miaka akumbuke kwamba kabla ya Mkoa wa Geita kuundwa mwaka 2012, Masumbwe ilihesabiwa Shinyanga, ndani ya Bukombe.

ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, imeipa fibroadenoma msimbo wake, na ina misimbo ya nyongeza ya kulia na kushoto. Haiondoi tatizo la sentensi ya tabibu. Mashine itasimba vizuri zaidi kile kile kilichoandikwa vibaya.

Turudi kwa binti. Amepewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Huko sindano nyembamba inachoma, seli zinasomwa, jibu ni fibroadenoma. D24 inaandikwa Mwanza. Barua ya majibu inakunjwa, inaingia kwenye mkoba wake pamoja na tiketi ya basi, na mkoba unarudi nyumbani. Kwenye rejesta ya Masumbwe mstari wake bado unasomeka N63, na safu ya matokeo ya rufaa iko tupu.