Maradhi Yaliyomwua Annie Darwin

Binti mkubwa wa Charles Darwin, ambaye nyumbani walimwita Annie, alifariki adhuhuri ya tarehe 23 Aprili 1851 katika mji wa Malvern, Uingereza, naye alikuwa ametimiza miaka kumi majuma saba tu kabla ya hapo. Hati ya kifo chake, iliyotolewa chini ya sheria ya uandikishaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1837, yataja sababu kuwa ni homa ya nyongo yenye tabia ya taifodi. Mtafiti mwenye haraka angeyapokea maneno hayo, akayanakili katika shajara ya nasaba yake, na shauri likaishia hapo. Randal Keynes, aliye kilembwe wa Darwin, hakuridhika nayo, na njia aliyoipita hata akatoa kitabu chake juu ya mtoto huyu mwaka 2001 yastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayetafuta habari za watoto waliokufa katika ukoo wake.

La kwanza ni kuipima hati kwa elimu ya zama zake. Mwaka 1851 hapakuwa na tabibu aliyejua kijidudu kiletacho kifua kikuu, kwani Robert Koch alikigundua mwaka 1882. Na hata tofauti baina ya homa ya matumbo, ndiyo taifodi, na ile homa iletwayo na chawa ilikuwa ndiyo kwanza inabainishwa na tabibu William Jenner, ilhali takwimu za serikali ziliendelea kuyahesabu maradhi hayo mawili kwa pamoja hata mwaka 1869. Kwa hiyo tabibu aliyeandika "tabia ya taifodi" alikuwa akisimulia hali aliyoiona kitandani, yaani mwili kuungua, viungo kulegea na akili kuweweseka, wala hakuwa akiutaja ugonjwa tuujuao leo kwa jina hilo. Fauka ya hayo, kabla ya sheria ya 1874 tabibu hakulazimika kutoa shahada ya sababu ya kifo, na ndiyo maana hati za miaka ile zimejaa watoto waliouawa na degedege, na kuota meno, na udhaifu, mambo ambayo kwa kweli ni dalili, au ni umri tu wa mtoto, na William Farr, msimamizi wa takwimu za vifo, alijitahidi miaka mingi kuwasihi matabibu watumie majina yaliyo thabiti.

Hati ikishapimwa hivyo, hubaki kutafuta shahidi mwingine, na hapa majonzi ya nyumba ile yaliacha ushahidi usio na mfano. Emma, mama yake Annie, alikuwa na mimba pevu, naye akajifungua mwana tarehe 13 Mei, kwa hiyo hakuweza kusafiri. Darwin akaenda Malvern bila yeye kumwuguza mtoto, na kila siku akimwandikia mkewe barua zinazoeleza kutapika, mapigo ya moyo, kukojoa kwa shida, na vijiko vya uji alivyoweza kumeza. Lau wazazi wote wawili wangalikuwa chumbani mle, yamkini yasingaliandikwa haya. Hata mazishini Darwin hakuhudhuria, kwani aliondoka siku iliyofuata kifo kumrudia Emma, akawaachia jamaa zake kazi hiyo.

Barua, walakini, zaonyesha mwisho wa ugonjwa tu. Mwanzo wake ulipatikana ndani ya kisanduku cha kuandikia alichokuwa nacho Annie, kilichohifadhiwa na ukoo kwa vizazi vinne, ambamo Keynes alikuta maandishi ya mkono wa Darwin yenye kufuata afya ya mtoto siku baada ya siku kabla ya safari ya Malvern: siku aliyoamka vema, siku aliyokohoa, usiku aliolia. Akiyaunganisha hayo na kumbukumbu ya wazazi kwamba Annie alianza kudhoofika katikati ya mwaka 1850, na kwamba mnamo Novemba 1849 yeye na nduguze wawili walishikwa na homa ya vipele vyekundu, aliona ugonjwa uliochukua miezi kumi au zaidi, ilhali homa ya matumbo huwa ni habari ya majuma. Akawataka shauri matabibu wa leo, na rai aliyoishika ni kifua kikuu.

Nami naikubali rai hiyo kuwa ni dhana yenye nguvu, illa haiwezi kuwa zaidi ya dhana, kwa kuwa mwili haukupasuliwa. Katika shajara ya nasaba ningeweka safu mbili, moja ya sababu iliyoandikwa na nyingine ya sababu inayodhaniwa pamoja na hoja zake, wala nisingeifuta ile ya kwanza.

Kwa Charles Waring, mdogo wake Annie, aliyekufa tarehe 28 Juni 1858 kabla hajatimiza miaka miwili, kazi ni nyepesi: homa ya vipele vyekundu ilikuwa ikiua watoto wengine kijijini Down wakati uleule, na daftari la mazishi la parokia, likisomwa pamoja na maingizo ya majirani, hutoa ushahidi.

Limebaki swali lililomtesa Darwin mwenyewe, kama udugu wa wazazi ndio uliowadhoofisha watoto, kwani Emma alikuwa binti wa mjomba wake, ndoa ya namna inayojulikana sana kwetu pwani, na kati ya watoto wao kumi watatu walikufa wadogo. Mwaka 1870 aliomba swali la ndoa za mabinamu litiwe katika sensa, Bunge likakataa. Mwanawe George akalichunguza kwa takwimu mwaka 1875, asione madhara makubwa. Mwaka 2010 wataalamu wa urithi walizipitia familia 25 za ukoo wa Darwin na Wedgwood, wakakuta kwamba vifo vya utotoni viliongezeka kadiri wazazi walivyokuwa karibu kwa damu. Hesabu hiyo ni ya ukoo mzima. Haituruhusu kuandika neno lolote jipya katika safu ya Annie.