Migono ya Bahi

Kila ifikapo Novemba, wakati wazee wenzake hapa Mkonze, Dodoma, wanatazama mawingu na kujadiliana mbegu ya mtama, yupo mmoja anayekaa barazani akisuka migono, mitego ya samaki ya fito. Mawingu naye anayatazama, ila anachongoja ni Mto Bubu. Mto huo hushuka na maji ya Kondoa ukaishia katika bonde la Bahi, na bonde la Bahi halina mlango wa kutokea kwenda baharini. Maji yakifika pale yamefika. Yanatandaa, yanakuwa ziwa Sulunga, kambale waliojichimbia topeni wanaibuka, na perege wanaonekana kwenye matete. Mwaka wa mvua haba hakuna ziwa. Kuna tope lililopasuka na ng'ombe wanaotafuta nyasi. Ndiyo maana wavuvi wengi wa Ugogo ni wakulima na wafugaji walioweka zana zao darini kusubiri mwaka mzuri.

Sisi tunaofuatana naye kwenda Bahi tumeshazoea kungoja. Haondoki mpaka kila kitu kipite mikononi mwake. Ndoana amezichomeka kwenye kipande cha kandambili kuukuu, kubwa huku, ndogo kule, na kila moja huijaribu ukuchani. Ikiteleza, inarudi kwenye jiwe la kunolea. Mshipi anaupitisha kati ya vidole, na akikuta fundo asilolifunga yeye, analikata. Chumvi iko koponi. Kiberiti kimefungwa kwenye nailoni, kikatiwa katika kopo jingine. Halafu unga wa uwele, panga, na kipande cha sabuni ya mche. Ukidhani sabuni hiyo ni ya kuogea, utachekwa kambini: ni chambo cha kambale, na wavuvi wa maziwa makubwa nao wanaijua siri hiyo.

Lakini mgono ndio mwenye safari. Fito anazipasua, anazikwangua kwa kisu mpaka zilingane, kisha anazilaza majini usiku kucha zisije zikavunjika zikikunjwa. Asubuhi anaanza na pete ya mdomoni, anashuka akifunga kwa kamba ya gome la mbuyu, safu kwa safu, bila kusema na mtu. Kazi yenyewe iko kooni. Koo ni fito nyembamba zilizochongwa ncha, zinazoelekea ndani na kukaribiana, zenye kulegea kidogo. Samaki akizisukuma zinampisha; akigeuka, anakutana na ncha. Zikikaza mno haingii; zikilegea mno anatoka. Kipimo chake hakijaandikwa popote. Mzee huingiza mkono wake mwenyewe, anautoa polepole akisikiliza ngozi, halafu anakaza kamba moja au anailegeza.

Kisha hufanya jambo ambalo mimi hulisubiri kuliko yote. Hupitisha kidole gumba kati ya fito za ubavuni, nafasi moja baada ya nyingine, mzunguko mzima. Gumba lisipopita, anafumua. Perege mdogo lazima apate mahali pa kutokea.

Siku moja kijana alisimamisha pikipiki mbele yetu, mgongoni ana mfuko wa nyavu mpya.

"Shikamoo babu. Bado unasuka tu? Nyavu dukani zimejaa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Zimejaa, nimeziona. Hebu nionyeshe za kwako zinapomtolea mtoto."

Kijana alicheka, akawasha pikipiki, akaenda. Nyavu zile ni za uzi mmoja wa plastiki, nyembamba, hazionekani majini, na macho yake hayapitishi hata dagaa wa kulishia paka. Zikichanika, mwenyewe huziacha palepale kwenye matete. Wavu huo hauozi. Unaendelea kunasa samaki asiye na mlaji hadi maji yakauke, na kifuku kinachofuata bado upo. Mgono ukisahaulika majini, unaoza, unakuwa tope la Bahi.

Zamani migono ilikuwa na heshima yake. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 ikasonga magharibi, Bahi ikapata stesheni, na sisi wa umri wangu tunakumbuka samaki wakavu wakipandishwa behewani kwa magunia, wamekaushwa juu ya kichanja. Halafu likaja bwawa la Mtera, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lililojengwa kwa ajili ya umeme. Maji yake hayangoji mwaka mzuri. Silibezi, perege wake ni watamu. Ila tangu hapo mtu wa Dodoma anaweza kula samaki maisha yake yote bila kujua mgono unafananaje. Na tangu Serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, Mkonze imepimwa viwanja, na vichaka alikokata fito vina uzio na namba. Sasa hutembea nusu siku kuzifuata.

Sheria ipo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009 zinazikataza nyavu hizo za plastiki, na mara kwa mara tunaona picha za maofisa wakizichoma moto. Zichomwe. Lakini sijasikia ofisa aliyemwendea msukaji wa migono akamwomba awafundishe vijana wa Bahi, naye alipwe kama mwalimu yeyote anavyolipwa. Halmashauri zenye mapato ya samaki haziwezi kushindwa posho ya mzee mmoja kwa msimu mmoja. Wetu hapa Mkonze bado ana macho na vidole, na hana mwanafunzi. Waje kabla ya Bubu kushuka.