Makala kuwamo mtandaoni si hoja. Hoja ni nani anayeyafikia

Siku hizi ukihudhuria kongamano la Kiswahili, hukosi kumsikia msomi akijigamba kwamba makala yake yamo mtandaoni. Husema hivyo kana kwamba kazi imekwisha. Leo hebu tuipime kauli hiyo kwa kuipeleka Kwale. Pwani ya Kusini imeandikiwa na wanaisimu kwa miongo mingi, lakini ni wangapi kule wamewahi kuyasoma hayo yaliyoandikwa?

Chukua Chivumba cha Wasini na Vanga, na Chichifundi cha Shimoni na Funzi. Uchunguzi wa H. E. Lambert kuhusu lahaja hizi mbili ulichapishwa Kampala mnamo 1957 na 1958. Ni vijitabu vyembamba, ila anayeandika kuhusu lahaja hizo leo hana budi kuvirejelea. Mwalimu wa Msambweni aliyetaka kuvisoma alihitaji kufunga safari hadi maktaba ya chuo kikuu. Kwa mtu kama huyo, uchapishaji wa kielektroniki ni neema, na siupingi hata kidogo.

Neema yenyewe tumeiona. Jarida la Swahili Forum, lililoanza Cologne, Ujerumani, mwaka wa 1994, limekuwa likitolewa mtandaoni bila malipo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo mizizi yake ni ya 1930, nalo limo katika tovuti ya chuo hicho. Mwanafunzi aliye Diani, mwenye simu na bando, anaweza kupata makala bila kuinuka kitini.

Lakini hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Uchapishaji wa kielektroniki si lazima uwe uchapishaji huria. Azimio la Budapest la 2002 lilidai kwamba msomaji aweze kusoma, kupakua na kusambaza kazi za kitaaluma bila kuzuiwa na malipo. Majarida mengi ya kampuni kubwa za Ulaya na Marekani ni ya kielektroniki, ila yamefungiwa. Maktaba huyalipia kila mwaka, na mara nyingi malipo yakikoma, mlango nao unafungwa. Kitabu cha karatasi kikishanunuliwa hubaki rafuni. Jarida la kulipiwa hivi ni nyumba ya kupanga.

Tatizo la pili ni la lugha, na linatuhusu wasomi wa Kiswahili moja kwa moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mtandaoni ni anwani, ikisiri na maneno-msingi. Makala kuhusu Chichifundi yakiwa na ikisiri ya Kiingereza pekee, au yakiwa ni picha za kurasa zisizoweza kutafutwa neno, kijana wa Shimoni atatafuta kwa Kiswahili asione kitu. Tena lahaja yenyewe ina majina tele: Chichifundi, Kichifundi, Chifundi. Anayetafuta kwa jina moja huenda akakosa yaliyohifadhiwa kwa jina jingine. Kuyataja majina yote katika maneno-msingi ni kazi ya dakika moja. Mbona haifanywi?

Kisha wapo wanaosema eti maktaba zifungwe kwa kuwa kila kitu kimo simuni. Hiyo ni hoja ya mtu anayelipiwa intaneti na mwajiri. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Maktaba mjini Kwale ingeweza kuwa daraja: intaneti ya bure, mkutubi anayejua kutafuta, na nakala za karatasi za makala kuhusu Wadigo, Waduruma, Wavumba na Wachifundi. Kamusi ya Mgombato ya 2004, ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, inastahili kukaa pale mezani ambapo yeyote anaweza kuifunua.

Kwa nini haraka hii? Kwa sababu wasemaji wa lahaja hizi ni wachache, na shule inawavuta watoto kwenye Kiswahili Sanifu. Msamiati wa mashua, nyavu na pepo aujuao mvuvi mzee wa Vanga hauwezi kusubiri kongamano lijalo. Utafiti unapaswa kurudi kijijini wakati bado wapo wazee wa kusema: hapa msomi amekosea, neno hili hatulitamki hivi.

Basi kila anayekusanya data Kwale na aache ikisiri ya Kiswahili mtandaoni, bila malipo, na nakala moja ya karatasi katika maktaba ya kaunti. Kukopa harusi, kulipa matanga. Watafiti wamekopa Kwale kwa vigelegele, na deni hilo halilipwi kwa kumtumia mkopeshaji kiungo kinachomdai dola.