Sifa za Spika Isiyopamba

Litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, lina nyuzi saba, na utamu wake umekaa palepale inapokaa sauti ya mwanamume anayeimba: katikati, kati ya besi nzito na sauti kali za juu. Prodyuza wa Bungoma anayelirekodi chumbani mwake ana kibarua kigumu: asikie wapi uzi unaishia na koo linaanzia, kisha akipe kila kimoja nafasi yake. Kibarua hicho ni cha masikio, na masikio huongozwa na spika. Ndiyo maana namheshimu sana kijana anayetafuta spika za studio kwa makini, hata kama fedha zake ni za kuhesabu.

Spika nyingi madukani zimeundwa zipendeze. Sabwufa ya sebuleni huvimbisha besi hata kwenye wimbo usio na besi. Fundi akichanganya sauti kwa kifaa hicho, ataipunguza besi akidhani imezidi, na wimbo ukifika redioni utasikika mkavu na mwembamba. Monita, yaani spika ya studio, kazi yake ni kutoa kilichomo, kizuri na kibovu. Vivyo hivyo, mkulima wa Kitale hatafuti mzani wa kumfurahisha, kwa sababu gunia lake litapimwa tena deponi.

Spika maarufu kuliko zote katika kazi hii haikuwa ya anasa. Mwaka 1978 Yamaha ilitoa NS-10, spika ndogo ya nyumbani yenye koni nyeupe. Majumbani haikushangiliwa, mafundi wa studio ndio waliong'amua kwamba inaanika sauti za kati bila huruma, na wakaiweka juu ya meza zao za kuchanganyia huko Marekani, Uingereza na Japani. Ilikoma kutengenezwa mwaka 2001. Koni nyeupe za HS5, monita ya Yamaha hiyohiyo ambayo vijana wengi huiota leo, zimerithiwa kutoka NS-10. Mimi huliona jambo hili kuwa faraja kubwa kwa mwenye mfuko mdogo: kilichoijengea NS-10 jina ni ukweli wake kwenye sauti za kati, na huko ndiko litungu liliko.

Kwa chumba kidogo, koni ya inchi 5 yatosha. HS5 hushuka hadi hezi 54 hivi. Eris ndogo ya PreSonus, yenye koni ya inchi 3.5, huishia karibu na 80. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa hezi 41, kwa hiyo zote mbili hazikupi besi ya chini kabisa. Hiyo utaihakiki kwa hedifoni. Ukifika dukani uliza kama bei ni ya moja au ya jozi, maana HS5 huuzwa mojamoja na Eris hiyo ndogo huuzwa mbili pamoja. Tenga pia fedha za stabilaiza, kwa kuwa umeme wetu hupanda na kushuka, na za kebo zilizosawazishwa zinazozuia mvumo.

Kisha kuna chumba chenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Vyumba vingi vya kupanga mijini kwetu ni vya futi kumi kwa kumi. Wimbi la hezi 56 lina urefu wa mita sita hivi, yaani mara mbili ya upana wa chumba hicho. Hujirudia kati ya kuta, likajazana kandokando na pembeni, likafifia katikati. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za upande wa pili hulitia nguvu wimbi lilelile. Ukiketi katikati hasa utaisikia besi ikiwa haba, utaongeza, na wimbo utanguruma vibaya kila mahali pengine. Sogeza kiti mbele kidogo ya katikati. Panga spika mbili na kichwa chako ziwe pembetatu yenye pande sawa, twita, zile koni ndogo za sauti za juu, zikielekea masikio. Trei za mayai ukutani hazizuii besi. Magodoro mazito yaliyosimamishwa kwenye pembe husaidia zaidi. Mvua ya alasiri ya Kitale ikianza kupiga mabati, zima maikrofoni, kazi ya kurekodi iwe ya asubuhi.

Baada ya hapo ni kuizoea spika. Cheza nyimbo unazozijua kwa moyo, kwa sauti isiyozidi ya mazungumzo, siku baada ya siku, hadi ujue spika yako inaficha nini. Miksi ikikamilika, panda nayo matatu ya Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini na Webuye. Mwimbaji akisikika kwenye kelele ile, na nyuzi zisipomezwa na ngoma, umefaulu.

Agosti ya kila mwaka wa shufwa, msimu wa tohara, Bungoma huvuma kwa chinyimba, zile njuga za chuma anazogonga mtahiriwa. Mlio wake ni mkali na mfupi. Spika ya kupendezesha huutawanya, monita nyoofu huutoa kama ulivyogongwa. Wapigaji wa litungu na wa zeze la siilili bado wapo vijijini. Wewe mwenye jozi ya monita na chumba cha futi kumi, mwalike mmoja wao mwezi huu, umrekodi vizuri, umlipe.