Jambazi Akiacha, Hadithi Imeisha?

Ndugu msomaji, chukua riwaya zetu za ujambazi, zile zinazozunguka mkono kwa mkono mpaka jalada linachanika, usome kurasa za mwisho tu. Aghalabu utakuta moja kati ya mambo matatu: risasi, kitanzi au pingu. Tangu Elvis Musiba alipotuletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), tumezoea adui amalizwe, nchi ipone, basi. Sisemi ni vitabu vibaya, mwenyewe navipenda. Nasema vinajua jinsi mtu anavyoingia kwenye uhalifu na jinsi anavyokomeshwa. Jinsi anavyoacha mwenyewe, havijui.

Hapa Same nilimwuliza kijana mmoja wa stendi, msomaji mzuri tu, kwa nini iwe hivyo. Akacheka: "Aa, kaka! Steringi akiacha wizi akaanza kulima maharage, nani atasoma?"

Swali zuri hilo. Nitalijibu kwa vitabu viwili na mlima mmoja.

John Kiriamiti wa Kenya aliiba kweli, akafungwa mwaka 1971, akatoka 1984. Mwaka huohuo kitabu chake, My Life in Crime, kikatoka. Lakini hebu pima uzito wa kurasa zake: wizi ndio wenye mbio na raha ya kusoma, kuacha kumebanwa mwishoni kama abiria wa mlangoni. Mwaka 1989 akatoa My Life with a Criminal, ambamo anayesimulia ni Milly, mpenzi wa yule jambazi. Mimi naona hicho ndicho kinachogusa mzizi, maana jambazi anatazamwa na mtu aliyempenda kabla ya kujua kazi yake. Ni vigumu mtu kuacha kama hakuna hata jicho moja linalomwona kuwa kitu kingine zaidi ya mwizi.

Watafiti nao wamefika hapo kwa njia ndefu. Sampson na Laub, Wamarekani, walifuatilia maisha ya wavulana watukutu 500 wa Boston, wengine mpaka umri wa miaka 70. Karibu wote hatimaye waliacha, na wengi walivutwa na vitu vya kawaida kabisa: ndoa, kazi ya kudumu, jeshi. Shadd Maruna naye, katika kitabu chake cha 2001, aliwasikiliza watu wa Liverpool waliofanana kwa umaskini na makosa. Waliokuwa wameacha walijisimulia tofauti: ndani yangu nilikuwa mtu mwema tangu mwanzo, na yaliyonipata yatawafaa wengine. Jamani, hiyo si kazi yetu? Mtu anahitaji hadithi ya kujisimulia ili aache, na sisi wenye hadithi tunampa risasi.

Kitabu cha pili ni Dunia Uwanja wa Fujo cha Kezilahabi (1975). Tumaini anatapanya mali ya urithi kwa anasa, kisha anatulia, anaoa, anashika kilimo. Hapo hadithi nyingi zingefunga. Kezilahabi anaendelea: siasa ya ujamaa inaifikia ardhi ya Tumaini, naye anamuua kiongozi wa serikali. Wapo wahakiki waliomjadili kwa upande wa siasa. Mimi nasoma jambo jingine humo: aliyetulia ametulia juu ya kitu. Kiondoe kitu hicho, ukaone.

Sasa tupande mlimani. Kwenye safu hii ya Upare, Tae na kwingineko, watu wamelima mirungi, gomba kama inavyoitwa vijiweni. Sheria yetu ya 2015 inaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Ng'ambo ya Mkomazi, Kenya, ni zao halali. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipanda huku Same, mashamba yakateketezwa. Kwa riwaya zetu, hapo ndipo mwisho. Lakini mti wa mirungi huchumwa mara kwa mara, na majani yake huuzwa mabichi, fedha papo hapo. Mche wa kahawa unataka kama miaka mitatu kabla ya kukupa debe la kwanza. Tangawizi, kama ile ya Mamba Miamba, ina nafuu: miezi minane hadi kumi. Katikati hapo mtoto anadaiwa madaftari, na mnunuzi wa zamani bado anajua njia ya kwako.

Miaka mitatu hiyo ndiyo riwaya, kaka yangu wa stendi. Ina hatari kuliko kuvamia benki, maana benki unavamia mara moja, na mnunuzi unamkataa kila juma. Ina wahusika: mke anayehesabu, jirani anayecheka, mzee anayemwita kwenye msaragambo kama anavyowaita wengine, au anayempita mlango.

Na msomaji wake yupo. Ni yule anayejaribu kuacha, ambaye mpaka leo hajakuta ukurasa unaomwonesha akiwa hai mwishoni. Wasanii chipukizi wenzangu, tumwandikie. Tuanzie siku ya pili baada ya moshi.