Hukumu na Imani ya Umma katika Kidagaa Kimemwozea

Aliyesahihisha insha za Karatasi ya Tatu kuhusu riwaya hii ya marehemu Ken Walibora alikuta neno moja limebebeshwa kila kitu: ufisadi. Mtahiniwa aliorodhesha unyakuzi wa ardhi, wizi wa mswada na uzinzi wa mtawala, kisha akafunga karatasi. Hoja hizo ni sahihi, ila hazifiki pale riwaya inapouma. Makala haya yanashikilia kwamba kinachowavunja watu wa Sokomoko si kashfa za Mtemi Nasaba Bora zenyewe, bali ni muhuri wa sheria unaogongwa juu yake.

Mtazame Yusuf Hamadi. Babake, mzee Chichiri Hamadi, anauawa. Shamba linaingia mikononi mwa Mtemi kwa hati za kughushi. Anayefungwa ni mwana. Unyang'anyi peke yake ungebaki kuwa siri ya mwizi. Hukumu ndiyo inayoufanya ukweli rasmi: mrithi halali anageuzwa muuaji wa mzazi wake, naye mnyakuzi anabaki kuwa mlinzi wa usalama wa raia. Aliyeibiwa angali na pa kukimbilia. Aliyehukumiwa kwa uongo atakimbilia wapi, ikiwa mlango wenyewe ndio uliomfungia?

Hapa ndipo mbinu ya majazi inapostahili kusomwa kwa makini kuliko tulivyozoea. Walimu wengi tunaridhika kusema Amani ni mpenda amani, basi. Hebu yasome majina matatu pamoja. Amani na Imani wanatiwa korokoroni kwa tuhuma za kumuua mtoto Uhuru. Waliokosa kumhudumia ni wauguzi, na baba aliyemkana ni Mtemi mwenyewe. Kinaya kilichoje! Imani si msichana tu katika tukio hili. Ni ile imani ya raia kwa dola, nayo imefungiwa seli na dola iyo hiyo, kwa kosa la dola.

Riwaya ilitoka mwaka 2012, na wasomaji wake hawakuhitaji kufafanuliwa. Walikuwa wameiona kashfa ya Goldenberg, ambapo mapema miaka ya 1990 mabilioni ya shilingi yalilipwa kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi. Tume ya Jaji Bosire iliundwa mwaka 2003, ushahidi ukasikika hadharani, na bado hakuna kigogo wa siasa aliyefungwa.

Watahiniwa wa mwisho wa riwaya hii, wale wa 2017, waliisoma katika mwaka wa ajabu. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa rais. Upande mmoja ulisherehekea, mwingine ukawatukana majaji. Tarehe 20 Novemba mahakama iyo hiyo ikauidhinisha uchaguzi wa marudio, na shangwe na matusi vikabadilishana kambi. Imani ilifuata ushindi. Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa na mahakama ya kugombania. Sokomoko haina hata hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaofundisha kwamba mwisho wa riwaya ni ushindi wa haki. Mtemi anajitia kitanzi. Hakuna kesi inayosikizwa, hakuna hakimu anayetamka mbele ya umma kwamba Yusuf hakuua. Mkosaji ameondoka, lakini wanasokomoko hawajasikia sheria ikijisahihisha kwa sauti. Huenda mwandishi alikusudia pengo hilo, na mimi naelekea kuamini hivyo. Mwanafunzi atakayelitaja atakuwa amewapita wenzake.

Swali la mazoezi: "Kifo cha Mtemi Nasaba Bora hakiirejeshi imani ya wanasokomoko." Jadili. (alama 20)