Pochi Baridi ya Bybit: Wizi Uliotiwa Saini na Wenye Mali

Ijumaa ya tarehe 21 Februari 2025, jioni kwa saa za Dubai, soko la sarafu za kidijitali la Bybit lilikuwa na kazi ya kawaida kabisa: kuhamisha etha, sarafu ya Ethereum, kutoka pochi baridi, yaani ile ambayo funguo zake hazigusi intaneti, kwenda pochi vuguvugu inayotumika kuwalipa wateja wanaotoa fedha. Watia saini watatu wakaidhinisha. Muda mfupi baadaye etha zaidi ya 400,000, pamoja na tokeni nyingine za jamii hiyo, zilikuwa mikononi mwa wezi. Kwa bei ya siku ile ni karibu dola bilioni 1.5. Siku tano baadaye FBI ya Marekani ikasema ni kazi ya Korea Kaskazini.

Ukubwa wa hesabu ndio uliobeba vichwa vya habari. Kwa fundi, jambo la ajabu ni jingine: katika wizi wote huu hakuna ufunguo hata mmoja ulioibwa.

Ushauri wa kutunza kripto umekuwa uleule miaka nenda miaka rudi. Ufunguo wa siri ni namba ndefu tu, na anayeijua ndiye mwenye mali; basi usiuache kwenye kompyuta iliyounganishwa na mtandao. Uweke ndani ya kifaa kidogo, kama Ledger au Trezor, ambacho hakiutoi nje kamwe. Kompyuta hukiletea muamala, chenyewe huutia saini humo humo ndani, kikarudisha saini peke yake. Maneno 12 au 24 ya kuurejesha ufunguo, kifaa kikiharibika, huandikwa kwenye karatasi au kugongwa kwenye bati la chuma na kufichwa. Bybit waliyafuata hayo na kuongeza ulinzi mwingine. Mali ilikaa ndani ya Safe, programu iliyomo kwenye blokucheini ya Ethereum, ambayo haitoi hata senti mpaka idadi maalumu ya saini itimie.

Ila muamala hauzaliwi ndani ya kifaa. Lazima mtu auandae kwanza, na huuandaa kwenye kompyuta ya kawaida, ndani ya kivinjari cha kawaida, kwenye ukurasa wa Safe. Wezi hawakuhangaika na kabati la funguo. Walikwenda kwa aliyetengeneza ukurasa.

Mwanzoni mwa Februari walishaingia kwenye kompyuta ya mmoja wa wasanidi programu wa Safe. Kupitia kwake wakapata ruhusa ya kufika kwenye hifadhi ya Amazon inayohifadhi msimbo wa ukurasa ule. Tarehe 18 wakaweka programu yao wenyewe kwenye Ethereum. Tarehe 19 wakabadilisha msimbo wa ukurasa, kwa ustadi unaotisha: msimbo ule haukumgusa mteja mwingine yeyote mwenye mali. Uliangalia anwani inayotaka kutuma, ukaamka ilipokuwa ya Bybit. Wateja wengine wangeweza kupita ukurasani bila mtu kuona kasoro. Dakika mbili baada ya wizi, faili safi zikarudishwa mahali pake. Bahati mbaya kwao, hifadhi ya kurasa za kale za intaneti, Wayback Machine, ilikuwa imeshazipiga chapa zile chafu, na wachunguzi wakazikuta huko.

Kilichobadilishwa kwenye muamala wenyewe ni kidogo mno. Kila agizo la Safe lina sehemu yenye tarakimu moja, 0 au 1. Sifuri ina maana: nenda kwenye anwani ile ukafanye kazi huko. Moja ina maana nyingine kabisa: chukua maelekezo yaliyo kwenye anwani ile, uyatekeleze humu ndani kana kwamba ni ya kwako. Msimbo wa wezi ukaweka 1, ukaelekeza kwenye programu yao ya tarehe 18. Shughuli iliyoitwa humo ilibeba jina la uhamisho wa kawaida wa tokeni, lakini haikuhamisha kitu. Iliandika anwani mpya mahali ambapo pochi huhifadhi jibu la swali moja: sheria zangu ni zipi? Tangu sekunde ile sheria za Safe, pamoja na sharti la saini nyingi, hazikuwapo tena. Zilizochukua nafasi yake zilikuwa na kazi ya kukomba salio lote.

Kwenye skrini za kompyuta, watia saini waliona uhamisho waliouagiza, anwani sahihi na kila kitu. Kwenye kioo cha kifaa cha Ledger waliona mfululizo wa herufi na tarakimu, ile heshi ya muamala, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Ben Zhou, mkuu wa Bybit, alieleza hadharani kwamba yeye ndiye aliyetia saini ya mwisho na kwamba hakuuhakiki ujumbe ule kikamilifu kwenye kifaa. Simlaumu sana. Ni sawa na mzee asiyejua kusoma anayeweka dole gumba kwenye hati ya shamba aliyosomewa na karani: kidole ni chake, wino ni halali, na shamba limekwenda.

Lawama naiweka kwa sekta nzima, maana mbinu haikuwa ngeni. Julai 2024 soko la WazirX la India lilipoteza zaidi ya dola milioni 230 kutoka pochi ya saini nyingi, nako kilichoonyeshwa hakikuwa kilichotiwa saini. Oktoba mwaka huohuo Radiant Capital ikapoteza kama dola milioni 50 kwa njia inayofanana, vifaa vya funguo vikiwa mikononi mwa wenyewe.

Kinga zilikuwapo, na hazikuwa ghali. Kanuni ya kukokotoa heshi ya Safe iko wazi kwa kila mtu. Kompyuta ya pili isiyotegemea ukurasa ule ingeikokotoa kutokana na uhamisho uliokusudiwa, na ile ya kwenye kifaa isingelingana nayo. Safe pia inakubali kufungiwa programu ya ulinzi inayokataa tarakimu 1 moja kwa moja, au kucheleweshwa kwa saa kadhaa kabla agizo halijatekelezwa.

Mwenye bitkoini zake chache nyumbani yuko pazuri zaidi, mradi asome. Malipo ya kawaida ya bitkoini yana anwani na kiasi, na kifaa huvionyesha vyote kwenye kioo chake, hata kama kompyuta imejaa virusi. Kwenye Ethereum watengenezaji wanajitahidi kukifanya kifaa kieleze kwa maneno kile kinachoombwa, lakini maelezo hayo huwapo tu pale ambapo mtu ameshayaandika kwa ajili ya programu husika. Programu iliyowekwa siku tatu kabla, kama ile ya 18 Februari, haina maelezo. Kifaa hurudia kuonyesha herufi na tarakimu, na hapo kitufe cha kubonyeza ni cha kukataa.